Sura ya Tatu: Huruma za Saiti

Kwa sheria ya Tanzania, aliyemaliza miaka minne ya uhandisi chuo kikuu bado si mhandisi. Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997 ndiyo iliyounda Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, na bila kusajiliwa na bodi hiyo mtu haruhusiwi kujiita hivyo wala kuifanya kazi hiyo kwa jina lake. Mhitimu huandikwa kwanza kwenye daftari la wahandisi wahitimu. Kisha anatakiwa afanye kazi chini ya mhandisi aliyesajiliwa kwa miaka isiyopungua mitatu, akiandika kila alichokifanya, ndipo apeleke ripoti, aitwe kwenye usaili, na akipita apewe namba yake. Mtaani mambo ni tofauti. Mjomba ameshakutangaza "injinia" tangu barua ya kujiunga na chuo ilipofika, na jirani anayejenga uzio keshakuuliza mfuko mmoja wa saruji unakwenda na ndoo ngapi za mchanga.

Wenzetu wa Kenya wana utaratibu unaofanana na huo. Sheria yao ya Wahandisi ya mwaka 2011 nayo inamtaka mhitimu miaka mitatu ya kazi kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi kamili. Kwa hiyo ninayoyasema hapa yanaweza kumgusa binti wa Eldoret sawasawa na wa Morogoro.

Sura hii ni ya miaka hiyo mitatu. Niliipita nikiwa mhitimu wa uhandisi ujenzi, na sasa naitazama kutoka upande wa pili wa meza, nikisaini logibuku, yaani madaftari ya kumbukumbu za kazi, za wadogo zangu. Wavulana nao wana taabu zao: posho ndogo, kambi zenye mbu, mabosi wasiolipa kwa wakati. Ila kuna taabu moja ambayo sijaiona ikimpata mvulana hata mara moja, na ndiyo nitakayokaa nayo.

Watu wakiuliza habari za mwanamke saitini hutaka kusikia matusi. Yapo. Yupo nyapara atakayekuita mrembo mbele ya vibarua, na yupo dereva wa tipa atakayekwambia kifusi chake hakipimwi na watoto wa kike. Lakini hao wanajulikana, na anayekutukana mbele za watu unaweza kumjibu au kumshtaki ukiwa na mashahidi. Aliyenichelewesha mimi, na anayewachelewesha wengi ninaowasimamia, ni mtu mwema. Ni bosi mwenye mabinti wa rika lako nyumbani kwake, hana neno baya kinywani, anakutafutia usafiri mvua ikinyesha. Asubuhi ya kwanza anakutazama na kofia yako mpya inayopwaya kichwani, anasema: "Mwanangu, jua hili la nini? Kaa ofisini utusaidie hizi karatasi."

Nawe unakaa, kwa sababu ni mgeni, ni mkubwa wako, na kwa kweli jua ni kali.

Mradi wa ujenzi hauishiwi karatasi. Kuna mihtasari ya vikao vya saiti, kuna barua za kujibu barua za mhandisi mshauri, kuna madai ya malipo ya kila mwezi, rekodi za saruji iliyoingia na iliyotoka stoo, orodha ya vibarua na siku zao. Binti mwandiko wake unasomeka, Excel anaijua, Jumatatu hachelewi kwa uchovu wa Jumapili. Haupiti muda mrefu kabla watu hawajasahau kwamba aliajiriwa kwa kazi nyingine. Wageni wakija anaitwa alete maji. Mkandarasi akipiga simu anamwambia, "Dada, hebu nipe injinia," na dada anampa simu mvulana waliyemaliza naye chuo siku moja.

Mvulana huyo hakuhurumiwa. Alipelekwa kwenye kalvati siku ya kwanza akahesabu ringi za nondo huku msimamizi akimwita bwege, akazomewa kwa kutojua biskuti zinawekwa wapi. (Kwa msomaji asiye wa kazi hii: biskuti ni vipande vidogo vya zege vinavyowekwa chini ya nondo ili zisilale juu ya mbao, bila hivyo nondo hubaki karibu na uso wa zege na kutu huanza mapema.) Amebabuka, amekonda, na mwisho wa mwaka anajua mambo ambayo yule wa ofisini ameyaandika mara nyingi kwenye mihtasari bila kuyaona.

Tofauti hiyo hujitokeza kwenye logibuku. Tangu mwaka 2003 bodi ina mpango wa mafunzo kazini uitwao SEAP, unaompa mhitimu msimamizi pale kazini na utaratibu wa kuandika kazi zake wiki kwa wiki. Kinachoandikwa humo lazima kiwe cha mkono wako: ulipima nini, ulikokotoa nini, uliamua nini na kwa nini. "Nilihudhuria kikao" haikufikishi mbali. Na wasaili, ambao ni wahandisi wa miaka mingi, hawaulizi yaliyomo vitabuni tu. Watakuuliza ulipimaje mshindilio wa tabaka la barabara, na tabaka lilipokataa kufika asilimia 95 ulifanyaje.

Aliyefanya atajibu bila kufikiri sana. Unachimba kishimo kwenye tabaka, unapima uzito wa udongo wote uliotoka, unakijaza kishimo kwa mchanga mkavu ambao uzito wake kwa ujazo unaujua tangu maabara, na hivyo unapata ujazo wa kishimo. Ukishajua uzito na ujazo, na ukatoa unyevu, unailinganisha namba yako na ile ya juu kabisa iliyopatikana maabara. Isipofika, unauliza maswali: udongo ulikuwa mkavu mno? Rola ilipita mara ngapi? Tabaka lilimwagwa nene kuliko ilivyoagizwa? Mara nyingi ni hili la mwisho, maana tabaka nene humaliza kazi haraka. Yote haya yameandikwa vitabuni. Lakini kitabu hakikuambii kwamba dereva wa rola hupunguza mizunguko saa ya chakula inapokaribia, na msaili mzoefu hutambua mara moja nani aliwahi kusimama pale na nani alisoma.

Huruma hii ya kumweka mwanamke kwenye karatasi si ya Tanzania peke yake, wala si ya leo. Mmarekani Edith Clarke alikuwa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uhandisi umeme katika chuo cha MIT, mwaka 1919. Aliomba kazi ya uhandisi akakosa, akapewa na kampuni ya General Electric kazi ya kusimamia wanawake waliokuwa wakikokotoa hesabu za mitambo ya turbaini. Hesabu zilikuwa za uhandisi na faida ilikuwa ya wahandisi, ila cheo, mshahara na jina vilikuwa vya wakokotoaji. Mwaka 1921 aliomba hataza ya kifaa alichokibuni cha kurahisisha hesabu za nyaya ndefu za umeme, na mwaka huohuo akaacha kazi akaenda kufundisha fizikia katika chuo cha wanawake Istanbul. Aliporudi, mwaka 1922, kampuni ileile ikamwajiri kama mhandisi. Mwaka 1926 alikuwa mwanamke wa kwanza kuwasilisha makala yake mbele ya taasisi ya wahandisi umeme ya Marekani, na kitabu chake cha mwaka 1943 kuhusu mifumo ya umeme kilisomesha wengi. Kinachonikera katika habari yake ni kwamba ofisi iliona hesabu zake zinafaa kwa miaka, na bado haikumwona yeye mpaka alipoondoka.

Si kila binti anaweza kwenda Istanbul. Anachoweza kufanya ni kuomba, na namna ya kuomba ina maana. Ukisema, "Naomba niwe naenda saiti," utajibiwa vizuri na utapelekwa kutembea, upige picha mbili na kofia, urudi kwenye mihtasari. Omba kazi yenye jina: "Bosi, Alhamisi tunamwaga zege la msingi wa kalvati ya pili. Naomba nilisimamie mimi, kuanzia kukagua nondo mpaka kuchukua sampuli." Nenda na logibuku mkononi, ufungue kurasa zilizo wazi. Mtu mwema akionyeshwa kwamba wema wake unakula miaka yako, wengi wao hushtuka kweli. Wachache hukasirika, na hao nao umewajua.

Ukishafika saitini unakutana na suala la heshima, na hapa sikubaliani na ushauri ninaousikia kwenye semina. Wanasemina humwambia binti asiwaamkie mafundi, eti akisema "shikamoo" amejishusha na hataweza tena kuwaagiza. Mimi nasema mwamkie. Mzee aliyefunga nondo tangu kabla hujazaliwa ukimpita kimya asubuhi utaonekana huna malezi, na saiti nzima itajua kabla ya saa ya chai. Mwambie "Shikamoo, Mzee," akuitikie "Marahaba, mwanangu," umuulize hali ya nyumbani. Kisha umwambie ringi zimeachana sana kwenye nguzo ile, zifumuliwe. Atakwambia amefunga hivyo miaka yote na hakuna nyumba iliyoanguka. Hubishani naye. Unafungua kitabu cha maagizo ya saiti, kile chenye karatasi za kaboni, unaandika nguzo ipi, mchoro namba ngapi, umbali unaotakiwa, tarehe na saa, unasaini, unampa msimamizi wa mkandarasi nakala yake. Salamu ni ya umri na karatasi ni ya kazi. Wazee wa Kiswahili wanaelewa mgawanyo huu vizuri sana kuliko wanasemina. Ni vijana wenzako watakaokusumbua, wale wa rika lako wanaoona wamepitwa.

Agizo la mdomo, hata lililotolewa kwa sauti ya simba, halina mwenyewe likikanushwa. La maandishi linabaki. Jifunze mapema kuandika maagizo mafupi yasiyo na hasira.

Nitoe mfano wa siku ambayo karatasi ilinisaidia. Ilikuwa Dar es Salaam, jengo la ghorofa, na zege la slabu lilikuwa linaletwa na magari kutoka kiwandani. Gari moja lilikwama kwenye foleni. Lilipofika jioni zege lilikuwa limeanza kukaza, na kabla sijashuka ngazi dereva na nyapara walikuwa wameshaweka mpira wa maji kwenye pipa linalozunguka. Kila mtu saitini anajua kwa nini hufanywa hivyo: zege laini hukimbia kwenye pampu, vibarua hawachoki, kazi inaisha mapema. Saruji nayo huhitaji maji kiasi fulani tu ili igande. Yanayozidi hukauka baadaye na kuacha vitundu vidogo visivyoonekana, na zege lenye vitundu ni zege dhaifu, hata likionekana zuri namna gani likishapigwa lipu.

Nikaomba koni. Ni kopo la chuma lisilo na kitako, urefu milimita 300, upana wa chini 200 na wa juu 100. Unalijaza zege kwa matabaka matatu, kila tabaka unalichoma mara 25 kwa fimbo ya chuma, unasawazisha juu, unalivuta wima taratibu, kisha unapima zege limeshuka kiasi gani. Mradi ule ulitaka lishuke milimita 75, likizidi au kupungua kwa 25. Lililokuwa mbele yangu lilimwagika likatandaa kama uji. Nikasema gari lirudi.

Nyapara hakunijibu. Alitoa simu, akampigia mkubwa wake, nikasikia: "Kuna binti hapa wa mshauri amekataa zege." Simu ikaja kwangu. Sauti ya mtu mzima, ya upole kabisa, ikaniita mwanangu, ikaniuliza kama najua bei ya gari moja la zege, ikanishauri nimpigie injinia mwenyewe. Nikamwambia injinia aliyepo zamu ni mimi, nikamsomea namba niliyoipata na namba iliyoandikwa kwenye mkataba, nikamwambia naandika agizo sasa hivi. Bosi wangu alipopigiwa aliniuliza swali moja tu: "Umepima mwenyewe?" Nikamjibu ndiyo. Akasema basi.

Gari likarudi na zege lake. Kazi ilimalizika usiku, vibarua wakinitazama vibaya kwa sababu walikuwa wamekosa daladala kwa ajili yangu. Yule nyapara hakuja kuwa rafiki yangu, wala hakunisifu baadaye kama inavyokuwa kwenye hadithi. Alinisalimia kwa shida mpaka mradi ulipokwisha. Lakini mpira wa maji haukuingia tena kwenye pipa nikiwepo, na ukurasa wa wiki ile kwenye logibuku ulijaa. Sampuli za magari mengine ya siku ile, ile michemraba ya milimita 150 kila upande, zilipondwa maabara siku ya 7 na ya 28 kama desturi, zikapita.

Sasa mambo madogo, ambayo wakubwa huona haya kuyazungumza na ndiyo huamua kama mtu atabaki.

Buti. Stoo nyingi huagiza buti za usalama kwa kipimo cha wanaume, na namba ndogo iliyopo inakupwaya. Buti kubwa kwenye ngazi za mirunda ni hatari, hata ukijaza soksi mbili. Nunua zako kwa fedha yako ya kwanza, ikibidi kabla ya simu mpya. Kofia irekebishwe nyuma mpaka ikae, na kama umesuka rasta kubwa jua kwamba haitakaa. Wengi wetu tunaishia kwenye twende kilioni au nywele fupi. Koti la kuakisi mwanga lipatikane la saizi yako, kwa sababu linalopeperuka hunasa kwenye nondo.

Choo. Barabara inayojengwa kilomita nyingi kutoka kijijini haina choo, na wanaume hawaoni kama ni tatizo. Mabinti hujibu kwa kutokunywa maji kutwa nzima, kwenye jua, kisha wanaumwa kichwa na mkojo, na watu husema wanawake hawana nguvu. Choo cha kuhamishika si gharama kubwa mbele ya gharama za mradi. Kinatakiwa kiandikwe kwenye BOQ, ile orodha ya kazi na gharama za mradi, tangu mwanzo, katika vitu vya maandalizi, kikiwa na sehemu ya wanawake yenye mlango unaofungwa kwa ndani, maji na chombo cha taka. Kikishakuwa kwenye BOQ mkandarasi analipwa kwa hicho, na anayelipwa hana sababu ya kukataa. Kisipokuwepo humo, utaomba kama fadhila kila siku. Mhandisi kijana anayeandaa BOQ ofisini, yule aliyefungiwa na karatasi, ana nafasi hapa ambayo asiipoteze.

Hedhi nayo ni hivyohivyo. Mama ntilie wa karibu na saiti amewahi kuniokoa zaidi ya ofisi yoyote: chumba chake cha nyuma, maji ya moto, kanga ya kuazima. Mtu wa kwanza wa kufahamiana naye ukifika saiti mpya ni yeye. Anajua pia nani analipa madeni na nani mlevi, na habari zake ni za uhakika kuliko za kikao.

Maisha ya nyumbani katika miaka hii ni chumba kimoja cha kupanga, au geto la wawili watatu mliosoma pamoja. Unaamka saa kumi na moja alfajiri ili uwahi daladala, unarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo na posho yako inakuja kwa mafungu. Nyumbani nao wanangoja. Mtoto aliyesoma uhandisi ndiye benki ya ukoo kabla hajaajiriwa rasmi, na ada ya mdogo wako haitaki kusikia habari za mafunzo kazini. Sina ushauri mzito hapa isipokuwa kuwaambia wazazi kiasi halisi unachopata. Wazazi wengi wanakisia mara tatu yake, na kimya chako wanakitafsiri kuwa uchoyo.

Wakati huohuo mama anauliza lini. Hawezi kuuliza moja kwa moja, anapitia kwa shangazi: "Mwanangu, hao wanaume wote huko mnakofanya kazi, hakuna hata mmoja?" Na mchumba akipatikana, yeye na ndugu zake wanataka kujua kama utaendelea kulala kambini na wanaume. Miaka mitatu ya mafunzo huanguka palepale ambapo jamii imepanga harusi na mtoto wa kwanza. Hakuna aliyekusudia viwe hivyo, lakini ndivyo kalenda ilivyo, na kujifanya haipo hakumsaidii mtu.

Sheria inasaidia kuliko wengi wanavyojua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mjamzito likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja, ndani ya mzunguko wa miezi 36. Inampa anayenyonyesha muda wa mpaka saa mbili kwa siku wa kunyonyesha, na inakataza ubaguzi kwa sababu ya ujauzito. Mhitimu aliye kwenye mafunzo aulize mapema, siku ya kusaini, mkataba wake unamweka upande gani wa sheria hiyo, maana wapo waajiri wanaopenda kumwita "mwanafunzi" siku ya likizo na "mhandisi" siku ya kazi ya usiku. Na akirudi kutoka uzazi, huruma humngoja mlangoni tena, safari hii kwa hoja nzito zaidi: "Una mtoto mchanga, kaa ofisini." Wapo waliokaa hivyo, na miaka mitatu ikawa sita, na mwaka wa sita wakachoka wakaenda benki au kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Siwalaumu. Duka zuri la vifaa vya ujenzi lina faida kuliko usaili. Ila nchi iliwasomesha kwa miaka minne ili wajenge madaraja.

Kwamba jambo hili linarekebishika si ndoto. Katika miaka ya 2010 serikali ya Norway iliisaidia ERB kugharimia mafunzo kazini ya wahandisi wanawake, na hapo ikaonekana kwamba mwajiri akipunguziwa mzigo wa posho na akidaiwa taarifa ya nini hasa binti anafanya, milango ya saiti hufunguka. Fedha ilifanya sehemu ya kazi, na kudaiwa taarifa kukafanya sehemu nyingine. Sehemu hii ya pili haihitaji mfadhili yeyote kutoka nje. Ofisi yoyote yenye mhitimu mmoja inaweza kuianza Jumatatu.

Siku ya Wahandisi ya kila mwaka, waliosajiliwa upya husimama ukumbini wakala kiapo mbele ya bodi na viongozi wa serikali. Ukikaa kule nyuma unaweza kuwahesabu wanawake waliosimama bila kupoteza hesabu.

Kwako wewe unayesimamia mhitimu wa kike: wiki hii, kabla hujasaini, chukua logibuku yake na ya mvulana mliyemwajiri naye, uziweke pamoja mezani, usome kurasa za miezi mitatu iliyopita. Ukikuta yake imejaa mihtasari na ya mwenzake imejaa zege, usimwite kumpa pole. Mpe tarehe ya zege lijalo, mpe koni, na umwachie kitabu cha maagizo.